Neno nililoandika kwenye faili la bibi

Neno lenyewe ni fupi. Nyumbani ningesema "mkaidi". Hospitali za huku zina lugha ya kistaarabu zaidi, kwa hiyo niliandika kwamba mgonjwa "hatoi ushirikiano". Nililichapa mimi mwenyewe, saa kumi na moja na nusu alfajiri, zamu ikielekea ukingoni na miguu ikiwaka moto, kisha nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Ninaishi Winnipeg, mkoa wa Manitoba, katikati ya Kanada. Ni muuguzi. Nimezaliwa Pangani, kazi nimeisomea Tanga, na nilipofika huku nilianza kwa kuwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba za kulelea wazee, miaka mitatu, hadi nilipofaulu mitihani yao na kupewa leseni. Nayasema haya ijulikane kwamba sikuwa mwanafunzi. Kazi nilikuwa naijua, na wagonjwa nilikuwa nawapenda. Ndiyo maana jambo hili limenikaa rohoni.

Mgonjwa alikuwa bibi wa miaka 70 na kitu, mwenyeji wa asili wa nchi hii, kutoka kijiji cha kaskazini ambacho gari hufika kwa wiki chache tu za baridi kali, maji ya maziwa yakiganda kuwa barafu na kugeuka barabara. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asije akatambulika.) Alikuwa na kisukari cha muda mrefu na kidonda mguuni kilichokuwa kimeanza kutoa harufu. Aliletwa kwa ndege, peke yake. Tulipokabidhiana zamu jioni ile niliambiwa, "Huyo wa dirishani ni mgumu, utamjua tu." Nikaenda nikiwa nimeshamjua.

Nilimwita kwa jina lake la kwanza, kama tunavyofundishwa huku, nikamuuliza maumivu yake ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Akaangalia dirisha. Nikarudia, sauti juu kidogo. Akageukia ukutani. Chakula cha jioni kilikuwa kimerudi jikoni kama kilivyokuja. Usiku wa manane nilipotaka kumchoma kidole nipime sukari aliuvuta mkono chini ya blanketi. Hivyo nikaandika nilichoandika.

Sasa niseme kitu ambacho sisi wahamiaji tunakizungumza kwa kunong'ona, tena ndani ya nyumba zetu. Wiki yangu ya kwanza nchini, kabla sijajua hata kupanda basi, nilishaambiwa nisipite mtaa fulani kwa sababu ya "wale", yaani wenyeji wa asili. Wanalewa. Wanalishwa na serikali. Hawataki kazi. Waliokuwa wakiniambia hivyo walikuwa watu wetu: Waafrika wenzangu, watu wa kanisani na msikitini, watu walionipokea na kunipikia wali siku nilipotua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa meza moja na Mcree au Mojibwe, watu wa mataifa ya asili ya huku. Habari hizo walizikuta nchini kama walivyoyakuta makoti ya baridi, wakavaa. Nami nikavaa. Nilidhani kwa kuwa mimi ni mweusi, mtoto wa nchi iliyotawaliwa, ubaguzi ni kitu ninachofanyiwa tu. Haikunipitia akilini kwamba naweza kuwa mkono wake.

Wiki hiyo hiyo nilirudi kwa zamu ya mchana, nikamkuta bado yupo. Hospitali nyingi za hapa zimeajiri watu wa jamii za asili wa kuwasimamia wagonjwa wenzao. Wanatafsiri, wanakaa nao daktari anapokuja, wanatafuta ndugu waliko. Aliyekuja siku hiyo alikuwa mama mmoja wa Kianishinaabe. Alivuta kiti, akakaa, hakusema kitu. Mimi nilikuwa nabadilisha dripu kwenye kitanda cha jirani. Dripu nikaifunga, nikapima presha, nikaandika, wale wawili bado kimya, kimya cha watu waliostarehe. Hatimaye aliyeanza kuzungumza ni bibi, na alizungumza kwa muda mrefu.

Baadaye yule mama alinikuta kwenye kabati la dawa. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Ulimsubiri kwa muda gani kabla ya kurudia swali?"

Sekunde tatu. Labda nne.

Nilikulia kwa bibi mzaa mama, Pangani. Nililelewa nikijua kwamba kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa adabu, na kwamba mtu mzima akiulizwa jambo zito halijibu papo kwa papo kama anayegombana. Bibi yangu hakuwahi kuitwa jina lake na mtu wa umri wangu mpaka tunamzika. Nami nimeingia kwa mwanamke wa umri ule ule bila hata chembe ya shikamoo, nimemtaja jina, nimempandishia sauti, halafu nikashangaa kwamba amenipa mgongo.

Kulikuwa na la zaidi. Bibi alikuwa ameugua kifua kikuu akiwa mtoto, akachukuliwa kwao na kupelekwa hospitali ya mbali. Alikaa huko miaka miwili bila kumwona mama yake, na aliporudi alikuwa haelewi tena anachoambiwa nyumbani. Hadithi yake si ya peke yake. Kanada ilikuwa na hospitali zilizotengwa kwa ajili ya watu wa asili, kama Charles Camsell ya Edmonton na ile ya Clearwater Lake karibu na mji wa The Pas hapa Manitoba. Kule Aktiki, meli ya serikali iliyoitwa C.D. Howe ilikuwa ikipita pwani kuwapiga watu picha za kifua. Aliyeonekana ana kifua kikuu alibaki melini, mara nyingi bila nafasi ya kushuka kuaga. Ilipofika 1956, takriban Mwinuit (mwenyeji wa asili wa Aktiki) mmoja kati ya saba alikuwa kwenye hospitali za kusini. Wengine walifia huko, na kwao hakuna aliyeambiwa wamezikwa wapi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Justin Trudeau, alikwenda Iqaluit kuomba radhi Machi 2019.

Kuna na hili, ambalo wengi wa wenzangu kazini hawalijui, na lilitokea mkoani mwetu. Mwaka 1942 watafiti walifika Norway House na Cross Lake, vijiji vya Wacree vya kaskazini mwa Manitoba, wakawakuta watu wamedhoofu kwa njaa. Badala ya kuwatafutia chakula, wakawapa baadhi yao vidonge vya vitamini na kuwaacha wengine hivyo hivyo, wapate wa kulinganisha. Baada ya vita wakaendelea na watoto kwenye shule za bweni, zile zile zilizowachukua watoto zaidi ya 150,000 wa jamii za asili kutoka kwa wazazi wao kwa zaidi ya karne moja. Mtu aliyekulia kwenye habari hizi akivuta mkono wake chini ya blanketi usiku wa manane, anachokumbuka ni kingi kuliko kidole kimoja na tone la damu.

Winnipeg huwezi kuzungumzia haya bila kumtaja Brian Sinclair. Septemba 19, 2008, mtu huyu wa miaka 45, mwenyeji wa asili, aliyekatwa miguu yote miwili, alifika kwa kiti cha magurudumu kwenye chumba cha dharura cha Health Sciences Centre. Mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Alikuwa na barua ya daktari wa kliniki aliyemwelekeza pale. Alizungumza na mtu wa mapokezi, akaambiwa asubiri, akasogeza kiti chake pembeni. Alisubiri saa 34. Alitapika. Watu wengine waliokuwa wakisubiri walikwenda kuwaambia wahudumu kwamba yule bwana hayuko sawa. Alipokuja kuguswa, mwili ulikuwa umeshakakamaa. Alihitaji kubadilishiwa mpira na kupewa antibayotiki, jambo ambalo muuguzi wa zahanati ya Muheza angelifanya kabla ya chakula cha mchana. Uchunguzi wa kifo chake ulisikika kwa miezi mingi, na mwaka 2014 jaji alitoa mapendekezo 63. Wafanyakazi walieleza walivyomdhania: wengine kwamba amelewa na analalia ulevi wake, wengine kwamba hana pa kulala amekuja kuota joto.

Nimesoma habari zake mara nyingi na kinachonitisha ni kwamba hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Walipita. Kila aliyepita alikuwa na neno kichwani linalomweleza yule mtu, kwa hiyo hakuona haja ya kumuuliza.

Kwa Joyce Echaquan matusi yalikuwepo, tena dunia nzima iliyasikia. Alikuwa mama wa watoto saba, Mwatikamekw, yaani wa taifa jingine la asili, wa kijiji cha Manawan, Quebec. Septemba 28, 2020, akiwa amelazwa hospitali ya Joliette kwa maumivu ya tumbo, alirusha mubashara kwenye Facebook, akilia, wahudumu wakimsimanga kwa Kifaransa juu ya kitanda chake. Alifariki siku ile ile akiwa na miaka 37. Mchunguzi wa vifo, Géhane Kamel, alieleza jinsi walivyomchukulia kama mtu anayeteseka kwa kukosa dawa za kulevya alizozizoea, na akasema wazi kwamba ubaguzi wa rangi na dhana potofu vilichangia kifo chake. Neno lilimtangulia, tena.

Yule mama wa Kianishinaabe nilimwomba anipe orodha. Nilikuwa na nia njema kabisa. Nilitaka mila zao zote, moja mbili tatu, nizibandike kwenye kabati langu nisikosee tena. Akakataa. "Ukipata orodha utaacha kuuliza," akasema. Akaongeza kwamba kuna wazee wa kwao wanaopenda kutazamwa machoni na kuitwa kwa jina, na wengine ni Wakristo wa miaka sitini wasiotaka kusikia habari za dawa za asili.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anasema kile alichopigania Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand aliyefariki mwaka 2003. Dhana ya usalama wa kitamaduni ilizaliwa kwa wauguzi wa huko. Inasimuliwa kwamba mwaka 1988, kwenye mkutano uliofanyika Christchurch, mwanafunzi mmoja wa uuguzi wa Kimaori, mwaka wake wa kwanza, alisimama akauliza: mnatuambia usalama wa kisheria, usalama wa kimaadili, usalama wa matibabu, na usalama wa utamaduni wetu je? Ramsden alilichukua swali lile akalifanyia kazi maisha yake yote yaliyobaki. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo liliuingiza usalama wa kitamaduni kwenye masomo ya lazima, na magazeti yakachachamaa, watu wakalalamika kwamba wauguzi wanafundishwa siasa. Ramsden hakuwa anataka muuguzi akariri mila za Wamaori. Alitaka muuguzi ajitazame kwanza mwenyewe: nguvu alizonazo akiwa amesimama na mwenzake amelala, historia anayoingia nayo chumbani, mambo anayoyaona ya kawaida kwa sababu tu ni ya kwao. Na alisema anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa.

Kiswahili kina bahati katika hili. Kwetu "salama" ni jibu. Ukiulizwa habari za asubuhi, unayesema salama ni wewe. Aliyekuuliza hawezi kukujibia. Usiku ule mimi nilijibu kwa niaba ya bibi. Nilimpima joto, nilimpa dawa kwa saa zake, nilimgeuza asipate vidonda vya mgongo, nikajiandikia kwamba kwa upande wangu mambo ni salama.

Tangu hapo nimekuwa nikikumbuka mambo ya Tanga. Nilikuwa na miaka 24, wodi ya wazazi, hospitali sitaitaja. Aliletwa mama wa Kimaasai, mimba ya pili, uchungu umeanza, amefuatana na mama mkwe. Alitaka kuchuchumaa, tukamwambia apande kitandani alale chali kama wenzake. Alitaka mama mkwe akae naye, tukamtoa nje. Mwenzetu mmoja akaanza kuiga Kiswahili chake, anavyoyavuta maneno, na wodi nzima ikacheka, wauguzi na wagonjwa. Nilicheka. Tulipokuja kumtazama tena kitanda kilikuwa kitupu. Mlinzi alisema wamepita getini wawili, wamejitanda shuka, wanatembea taratibu. Sijui alijifungulia wapi. Sijui kama yeye na mtoto walipona. Kwenye rejista tuliandika "ametoroka".

Kule kaskazini mwa Manitoba ni kinyume: kina mama hawatoroki hospitali, wanasafirishwa kuifuata. Vijiji vingi havina pa kuzalia. Mimba ikikaribia wiki ya 36 au 38 mama hupandishwa ndege hadi Winnipeg au mji mwingine, akakaa hotelini au nyumba ya wageni akihesabu siku, watoto wake wakubwa wameachwa kwa majirani. Wapo wanaojifungua bila ndugu hata mmoja chumbani. Nimewashika mikono baadhi yao. Serikali husema ni kwa usalama wao, na kweli, damu ikianza kutoka unataka uwe karibu na chumba cha upasuaji. Lakini Wainuit wa Puvirnituq, kaskazini mwa Quebec, mbali kuliko wengi, walifungua wodi yao ya uzazi mwaka 1986 wakawasomesha wakunga wa kwao hapo hapo, kwa lugha yao. Mpaka leo wanawake wanazalia kwao, na wenye hatari wanatambuliwa mapema na kusafirishwa. Inawezekana.

Sisi wa pwani tunajua kwa nini hilo ni kubwa. Ukitaka kujua mtu ni wa wapi hasa, unauliza kitovu chake kimezikwa wapi. Changu kiko Pangani, chini ya mnazi ambao bibi alinionyesha nikiwa darasa la tatu. Wamaori wana neno moja, whenua, lenye maana mbili: ardhi na kondo la nyuma, kwa sababu kondo hurudishwa ardhini. Hospitali nyingi kwa miaka mingi zilikuwa zikilitupa kama taka. Hebu fikiria mtu akutupie hicho kwenye ndoo, kwa mikono safi yenye glovu, akitabasamu.

Siku ya nane bibi aliomba moshi wa kujifukizia. Wanaita kwa Kiingereza "smudge". Hospitali ina utaratibu wake: unapiga simu kwa mafundi wa jengo, wanakuja kuzima kitambua moshi cha chumba hicho, unabandika karatasi mlangoni, mwenye oksijeni anahamishwa. Ilichukua dakika arobaini, na mwenzangu mmoja alilalamika kwamba tunapoteza muda wa wagonjwa. Yule mama wa Kianishinaabe alitoa kombe la bahari lenye rangi za upinde wa mvua ndani yake, akaweka majani makavu ya seji, meupe kama yamepakwa majivu, akayawasha, akaacha moto ufe ubaki moshi. Bibi akauchota moshi kwa viganja kama mtu anayenawa uso. Macho, masikio, mdomo, kifua. Kisha akashusha mikono akaupeleka kwenye mguu wenye kidonda, taratibu, mara nne.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikaisikia harufu ile ikinipitia mpaka kwetu. Bibi yangu na chetezo, ubani na udi, anafukiza nyumba jioni ya Alhamisi, anamfukiza mzazi aliyetoka kujifungua, anapeperusha moshi chini ya kanga. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba kama nesi yeyote angemkatalia bibi yangu chetezo chake kisha akamwita mkaidi, ningejua la kumwambia.

Jioni ile nilivuta kiti. Nilimuuliza angependa nimwiteje. Safari hii nilingoja. Magari ya theluji yalipita mawili huko chini barabarani. Akasema niseme Kookum, ndivyo wajukuu wanavyomwita. Nikamuuliza habari za mguu, bila sifuri wala kumi. Akanieleza kwamba maumivu ni ya usiku, yanapanda kama maji baridi mpaka gotini, na kwamba kidole hataki kuchomwa mkono wa kulia kwa sababu ndio anaoshonea viatu vya ngozi, vidole vimeshakufa ganzi vya kutosha. Tulihamia mkono wa kushoto. Hakuwahi kukataa tena.

Kanada sasa ina maneno mengi mazuri. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza zile shule za bweni, ilitoa miito 94 mwaka 2015, na ule wa 18 hadi wa 24 yote ni ya afya. Watu wa Manawan waliandika Kanuni ya Joyce, inayodai haki ya kutibiwa bila kubaguliwa. Septemba 2024 Chama cha Madaktari cha Kanada kiliziomba radhi jamii za asili hadharani. British Columbia tangu 2013 ina mamlaka ya afya inayoendeshwa na Mataifa ya Kwanza yenyewe, na kwangu hilo lina uzito kuliko yote, kwa sababu linamhamisha mwamuzi. Sisi wa wodini tunapewa mafunzo ya kompyuta ya saa chache, unabonyeza mpaka cheti kinatokea. Nilikuwa na cheti hicho usiku ule.

Kabla Kookum hajaruhusiwa nilifungua faili lake. Kumbukumbu za hospitali hazifutwi. Unachoweza ni kuongeza maelezo mapya, ukaweka tarehe, saa na jina lako. Niliandika kwamba mgonjwa anajibu maswali yote akipewa muda, aitwe Kookum, sukari ipimwe mkono wa kushoto, maumivu huzidi usiku, aulizwe kuhusu moshi, na mfanyakazi wa jamii za asili aitwe tangu siku ya kwanza. Nikahifadhi. Kisha nikapandisha ukurasa kutazama yanaonekanaje. Maelezo yangu mapya yalikuwa chini kabisa, ukurasa wa kumi na moja. Lile neno la kwanza liko ukurasa wa pili, lina jina langu, na ndilo atakalokutana nalo kwanza muuguzi mwingine siku ndege itakapomrudisha.